Wavu wa Perege

Jamani, kuna watu wana akili za ajabu. Lambo lile la Kwamsisi lilijengwa kuzuia mafuriko, na pembeni mwa tuta ukaachwa mlango mpana, ili maji yakizidi yapite huko badala ya kufurika juu ya tuta na kulibomoa. Mwenyekiti Semboja na kamati yake wakapandikiza perege, kisha wakauziba mlango kwa wavu wa waya, eti samaki wasitoroke.

Hafsa alipiga kelele tangu siku ya kwanza. Nyumba yake iko chini ya tuta, na humo analala mama yake, Bi Hamisa, ambaye miguu haimbebi tena. Kamati ikamwambia apunguze maneno, samaki ni maendeleo.

Masika yakaja na hasira zake. Mabua ya mahindi, majani na matawi yakanasa kwenye wavu mpaka ukawa ukuta. Asubuhi moja Hafsa alipanda tuta akakuta maji yamebakiza shubiri tu kufika juu. Damu ilimchemka. Alimpigia simu Semboja, akajibiwa avute subira, wageni kutoka wilayani wanakuja kuona samaki wakivuliwa, na atakayegusa wavu atamtambua.

Subira! Hafsa akaazima plaizi kwa fundi wa pikipiki, akasimama ukingoni, akakata waya mmoja baada ya mwingine. Takataka zikasombwa, maji yakanguruma kufuata mkondo wake wa pembeni, na perege wakaenda zao. Kufikia adhuhuri lambo lilikuwa limeshuka.

Kesho yake ukaitishwa mkutano. Unadhani ni wa kuzungumzia tuta? Thubutu! Ulikuwa wa samaki. Semboja alimwita Hafsa mharibifu, adui wa maendeleo, na wanakamati wakatikisa vichwa kana kwamba wako msibani.

Hafsa alitoka, akarudi na kaka yake Jabiri, wamembeba mama yao kwenye kiti. Wakamtua mbele ya meza ya mwenyekiti.

"Huyu ndiye aliyekuwa amelala chini ya samaki wako," Hafsa alisema. "Mwambie mwenyewe kuwa mimi ni mharibifu."

Semboja akatazama meza, akatazama viatu vyake, mwisho malezi yakamlazimisha.

"Shikamoo, mama."

Bi Hamisa, ambaye huitikia hata vitoto vya chekechea, alimtazama tu. Marahaba haikutoka.