Gari la Mkunga Halinywi Mafuta

Kila Jumamosi asubuhi Sista Atuganile alilisogeza gari lake mbele ya nyumba na kuliosha kwa maji ya uvuguvugu. Mwezi wa Julai maji ya bomba ya Sumbawanga yanauma vidole, na yeye hakuona kwa nini gari lioshwe kwa maji ambayo mwenyewe asingeyaoga. Alianza na vioo, akaja kwenye milango ya ubavuni, akamalizia na ule mlango wa nyuma uliofunguka kwenda juu kama kifuniko cha sanduku. Akishamaliza alilizunguka mara moja, mikono kiunoni, kisha akaingia ndani kunywa chai.

Lilikuwa gari dogo la kijani. Alilinunua kwa padri mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao, mwaka uliofuata vita vya Uganda, wakati mafuta yalikuwa ya kibali na magari makubwa ya mjini yamelala uani wiki nzima. Atuganile alikuwa mkunga wa kliniki ya akina mama iliyokuwa nyuma ya soko. Kwao kulikuwa Rungwe, na hapa Ufipa alikuwa ametimiza mwaka wa kumi na moja. Hakuwa na mume, na wapo waliosema mwanamke asiye na mume atalipeleka wapi gari. Alilipeleka Mpui, Msanzi na Laela, na Jumapili asubuhi kanisani, akilirudisha mapema kwa sababu ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi yalikuwa hayaruhusiwi barabarani.

Kiti cha nyuma kililala. Ukikilaza, magunia mawili ya maharage yaliingia pamoja na mbuzi, na mbuzi akabaki na nafasi ya kugeuka. Injini yake ilinguruma taratibu kama cherehani. Kuhusu mafuta, hata Halfani, mwenye duka na pampu pale mjini, alikuwa na malalamiko.

"Sista, mwezi huu sijakuona," alimwambia siku moja.

"Bado ninayo, Mzee Halfani."

"Ya mwezi uliopita?"

"Ya mwezi uliopita."

"Wateja kama wewe wakifika watatu, mimi nafunga."

Atuganile alitembea na maneno hayo siku nzima. Alimsimulia mhudumu wa kliniki, akamsimulia muuza vitunguu, na jioni akamwandikia dada yake Tukuyu.

Mtoto wa kwanza alizaliwa ndani ya gari mwezi wa Novemba, saa tisa mchana. Mama yake, Epifania, alikuwa wa Ilemba, kule chini bondeni, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Atuganile alimlaza nyuma, mama mkwe wake, Fransiska, akakaa mbele na furushi, wakaanza kupandisha kuelekea juu Ufipa. Mlima ule ulikula mafuta kuliko ilivyotarajiwa. Walipofika juu, kwenye nyasi na upepo, mshale wa mafuta ulikuwa umelala kwenye wekundu, na Epifania akasema hawezi tena kungoja.

Manyunyu yalikuwa yameanza. Atuganile aliuinua mlango wa nyuma, ukawa paa, akapiga magoti kwenye nyasi. Ilichukua karibu saa nzima. Mtoto alikuwa wa kike, alitoka amenyamaza, akapigwa kidogo mgongoni, akalia. Alipolia, mshale ulipanda kutoka kwenye wekundu hadi nusu na kutulia hapo.

Fransiska, aliyekuwa kiti cha mbele, ndiye aliyeuona. "Kijiti chako kimesimama," alisema.

Atuganile alinawa mikono, akaja kuangalia. "Kimesimama kweli," alisema. "Basi twende, mtoto asipigwe na baridi."

Wakafika mjini, na mafuta yalibaki.

Baada ya hapo ikawa kawaida. Mtoto akizaliwa ndani ya gari, mshale ulipanda. Akiwa mkubwa ulipanda zaidi, akiwa njiti ulipanda kidogo. Mapacha wa Msanzi walilijaza tangi hadi mafuta yakachuruzika kwenye kifuniko, na ikabidi Atuganile aombe debe kwa wenyeji. Polisi wa kizuizi cha barabarani aliyemsimamisha Jumapili saa kumi jioni alichungulia nyuma, akamwona mwanamke na tumbo lake, akainua mti bila kuuliza kibali. Fundi Nikodemo alilikagua gari kwa siku mbili. Alifungua tangi, akanusa, akatia kidole, akakikausha kwenye suruali.

"Mafuta safi. Hayana maji," alisema. "Hili gari halina tatizo."

Atuganile alimpelekea Halfani lile debe la mafuta ya mapacha akitaka kujua kama yanaweza kuuzwa. Halfani aliyamimina kidogo kwenye kopo, akayatazama kwenye jua.

"Mazuri kuliko yangu," alisema. "Lakini siwezi kuyauza. Nikiulizwa yametoka wapi, nitasema nini?"

"Utasema yametoka Msanzi."

"Msanzi hakuna kisima cha mafuta, Sista."

Akayarudisha. Atuganile akayamimina kwenye gari lake na kwenda nayo Laela mara mbili.

Habari ikamfikia afisa usafiri, Isakwisa, naye mtu wa Rungwe. Miaka miwili nyuma serikali ilikuwa imeleta Landrova, na barua iliyokuja nayo ilisema ni ya kliniki ya akina mama. Isakwisa aliipokea kwa niaba ya kliniki, akaiegesha ofisini kwake, na tangu siku hiyo ilikuwa ikibeba ulezi na maharage ya wakubwa kwenda Tunduma. Wajawazito waliletwa kwa baiskeli, au kwa machela, au kwa gari la Atuganile.

Alikuja Jumamosi, akamkuta anaosha vioo.

"Ugonile, dada," alimsalimu kwa lugha ya kwao. Kisha akaendelea kwa Kiswahili, maana lilikuwa jambo la kiofisi. "Serikali imeishiwa mafuta. Tunaomba mwananchi mwenye uwezo atusaidie."

Alikuwa amekuja na mpira wa kufyonzea na madebe mawili. Tangi lilikuwa limejaa. Na ukweli ni kwamba Atuganile hakuhisi ubaya wowote. Miaka yote hiyo ofisi ndiyo iliyokuwa ikimpa yeye vibali vya mafuta, tena kwa kumsubirisha kwenye benchi. Leo ofisi ilikuwa imesimama mbele ya nyumba yake na madebe. Alishika kifuniko cha tangi mwenyewe wakati Isakwisa akifyonza. Siku ya Sabasaba aliitwa mbele ya watu wote, akapewa hati ya pongezi na doti ya kitenge. Hati aliitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni akikaa lazima aione. Kila baada ya wiki mbili Isakwisa alikuja na mpira wake, na kila mara Atuganile alimtengea chai.

Mwezi wa Septemba, siku ya Jumatano, mwanamume mmoja alifika kliniki akikokota baiskeli. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga debe kwa kamba ya katani. Alimngoja Atuganile amalize kupima watoto, ndipo akasogea.

"Shikamoo, Sista. Naitwa Polikarp, natoka Mpui. Nimeleta mafuta yenu."

"Marahaba. Mafuta gani?"

"Yaliachwa kwetu. Si yetu, ndiyo maana nimeyarudisha."

Alieleza polepole, akitazama debe kuliko kumtazama yeye. Mke wake, Kristiana, alikuwa na uchungu siku ya pili. Siku ya Jumapili asubuhi Landrova ya ofisi, ikiwa imejaa magunia, iliacha barabara kuu, ikapita katikati ya mashamba, kwenye matuta, ikaja kusimama mlangoni kwao. Dereva, Wilibrodi, alijaribu kuirudisha nyuma, haikurudi. Alikata kulia, haikukata. Injini ilikuwa inaunguruma vizuri tu. Isakwisa alishuka, akaizunguka, akauliza ndani kuna nini. Aliambiwa kuna mwanamke anajifungua.

"Dereva alimwuliza, 'Mzee, tushushe magunia tumpakie?'" Polikarp alisema. "Mzee alifikiri. Akasema magunia yanasubiriwa Tunduma. Wakafyonza mafuta yote, wakatia mengine waliyokuwa nayo kwenye jerikeni, yale ya kawaida. Debe hili walilipakia nyuma, gari likagoma. Walipolishusha likaondoka. Basi wakaliacha, dereva akasema ni mafuta ya Sista."

"Na Kristiana?"

"Yupo. Mtoto hakuwa na uhai."

Atuganile alimimina debe lile kwenye tangi, akaipakia baiskeli kupitia mlango wa nyuma, akampakia na Polikarp, wakaenda Mpui. Gari lilipita mashambani lenyewe bila kuonyeshwa njia na kusimama pale pale, kwenye alama za magurudumu makubwa. Kristiana alikuwa amelala na homa. Atuganile alimsafisha, akampa dawa, akamfunga tumbo.

"Nilisikia gari mlangoni," Kristiana alisema. "Nikajua ni wewe. Nikasema, afadhali amefika."

Atuganile alimvutia blanketi hadi mabegani. Aliporudi mjini alikuta hati ya pongezi ukutani, akaishusha, akaigeuza na kuilaza juu ya kabati. Asubuhi alikwenda ofisini kwa Isakwisa. Hakusubiri kwenye benchi.

"Kaka Isakwisa, Landrova ilifika mlangoni kwa yule mama wa Mpui."

"Ilifika kimakosa," Isakwisa alisema. "Nyumba ile haikuwa kwenye safari."

"Ilimfikia mwenye shida siku ya pili ya uchungu."

"Dada, gari la serikali haliendi linakotaka. Hilo nimeliandikia ripoti." Alisogeza karatasi mezani. "Mafuta yako yana kasoro. Ofisi haitayachukua tena."

"Sikuja kuwapa. Nimekuja kuchukua gari la kliniki."

Isakwisa alimwangalia kwa upole, kama mtu anavyomwangalia mgonjwa anayedai chakula alichokatazwa. Akamwambia suala hilo litajibiwa kwa maandishi.

Lilijibiwa baada ya wiki moja. Barua ilimshukuru mkunga kwa moyo wake wa kujitolea. Ilisema imethibitika kwamba kliniki inahudumiwa na gari dogo imara, lenye dereva mwaminifu, ambalo halihitaji mgao wa mafuta. Kwa hiyo Landrova, ambayo ilikuwa imeandikwa kwa jina la kliniki, sasa inahamishiwa rasmi ofisini, ambako mahitaji ni makubwa zaidi.

Atuganile aliisoma mara mbili akiwa amekaa ndani ya gari. Kisha akafunga milango yote na kuingia kwake na ufunguo. Aliona sawasawa kilichotokea: kadiri gari lilivyofanya kazi vizuri, ndivyo watu wa ofisi walivyopata sababu ya kubaki na Landrova. Akaamua lisitembee. Wakilikosa, wataona pengo. Kwa siku tatu gari lilikaa mbele ya nyumba likipigwa na vumbi. Ofisini hakuna aliyeona pengo lolote. Landrova ilikwenda Tunduma na kurudi.

Siku ya nne walikuja watu wawili kutoka Msanzi, wamekimbia njia nzima. Hawakumwomba. Walisema tu jina la mwanamke na saa uchungu ulipoanza, wakasimama wakihema, kwa sababu hawakudhani kuna la kuomba. Atuganile alichukua ufunguo. Barabarani akina mama waliokuwa wakipalilia waliinua majembe kumsalimu, na wazee wa Kifipa, ambao hawakuwa na desturi ya kupisha gari lolote, walipisha. Mtoto wa kiume alizaliwa karibu na daraja, mzito, na mshale ukapanda kupita alama ya mwisho. Atuganile aliufunga mlango wa nyuma kwa kiganja, taratibu. Alijivunia. Alikuwa na hasira na alijivunia, vyote pamoja, na hakuona kimoja kikikipunguzia kingine nafasi.

Miaka ikapita. Isakwisa alipandishwa cheo akahamishiwa mkoa mwingine, akaaga kwa sherehe. Gari lilibadilishwa matairi mara nne na kupakwa rangi upya, kijani kile kile. Ufipa ilikuwa imejaa watoto waliozaliwa ndani yake, wengine wameanza shule, na walipoliona wakipita walilisogelea na kuligusa boneti, kisha wakaendelea na njia yao.

Akaja afisa mpya, kijana wa kutoka Mbeya, msikivu, aliyemwita kila mtu mzee au mama. Atuganile alikwenda kumwona kuhusu gari la kliniki. Kijana alisimama kumpokea, akampa kiti, akafungua jalada na kulisoma ukurasa kwa ukurasa.

"Mama, hapa imeandikwa kliniki ina gari."

"Ni langu."

"Linafanya kazi?"

"Linafanya kazi vizuri sana," Atuganile alisema. Hakuweza kusema vingine. Asingeweza kulisingizia.

"Linatumia mafuta kiasi gani?"

"Halitumii."

Kijana aliandika hivyo, akapiga mstari chini yake, akamshukuru kwa kufika. Dirishani Landrova ilikuwa inapakiwa magunia.

Alipotoka nje alikuta mlango wa nyuma wa gari lake umekwishainuliwa. Mwanamke asiyemjua alikuwa ameketi ndani, miguu juu ya kiti kilicholazwa, ameshika ukingo wa dirisha na kupumua kwa kuhesabu.

"Shikamoo, Sista," yule mwanamke alisema. "Waliniambia nikiliona la kijani niingie tu."

"Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri," Atuganile alisema, akavua sweta, akakunja mikono ya gauni.