Komeo la Shaba

Sidonie aliweka simu mezani, kando ya chai ya mzee Kyungu, baba yake mdogo. Binti huyo alikuwa amerudi Brussels jana yake kutoka Kalemie, alikoogelea toka ufukwe wa ziwa hadi kwenye boti iliyozama na marehemu baba yake ndani.

"Tonton, angalia. Nilivaa masque na tuba ya kupumulia tu. Ni mita tatu chini ya maji, hata mutoto anafika."

Kyungu alivaa miwani. Kwa miaka thelathini, hadi hapa mtaani Schaerbeek, alikuwa amewaeleza watu jinsi alivyopigana na mlango wa stoo ya boti amtoe kaka yake, mpaka kucha zikang'oka, maji yakamshinda. Kanisani walimwita shujaa, naye hakukataa.

Kwenye video ya simu, mkono wa Sidonie ulipangusa matope mlangoni. Komeo la shaba likaonekana, limesukumwa hadi mwisho, kwa nje. Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga. Ya Kyungu ilikuwa ndefu mno.

"Bon. Nani alifunga?"

"Miye. Bachuruzi wote tulifanyaka vile. Mumoja analala na mizigo, mwenzake anamufungia, juu ya bezi, basiingie kuiba."

"Na wakati boti ilizama?"

"Komeo ilikuwa nguvu, mutoto wangu. Ilikataa kabisa."

"Ngoja, vidéo haiyaisha."

Vidole viwili vya Sidonie vilivuta komeo. Likateleza kama la kabati la jikoni.

Kyungu aliinua kikombe, akakirudisha bila kunywa.

"Niliruka majini," alisema. "Sikushuka hata ngazi ya stoo."

Sidonie alichukua simu, akavaa koti. Hakumuaga.