Kipande cha Bi Mwatima

Jembe lilishaingia ardhini mara nne, simu ikalia mfukoni mwa Mcha. Akaiacha. Mtu hapokei simu huku anachimba kaburi, hata kaburi lenyewe likiwa dogo kama sufuria. Ikalia tena. Mzee Khelef, aliyechutama pembeni na furushi la kitambaa cheupe mapajani, akasema, "Pokea, mwanangu. Labda kuna mtu kafa."

"Akifa hapigi simu, ami," Mcha akamjibu, akapokea.

Alikuwa Daktari Badriya wa maabara, anahema. "Mcha! Ushafukia?"

"Nnachimba."

"Usifukie! Bi Mwatima alitia sahihi juzi, kanipa kipande. Kule upasuaji wamesahau, wamekupa titi lote. Lilete. Seli zikifa, basi tena."

Mcha akalitazama furushi. Ndani yake mlikuwa na titi la kushoto la Bi Mwatima, mke wa Mzee Khelef, lililokatwa asubuhi ile hospitali pamoja na uvimbe wake. Hiyo ndiyo kazi ya Mcha, mwaka wa tatu sasa. Kinachokatwa kwenye mwili wa mtu, mguu, kidole, titi, yeye hukiosha, hukifunga kwa kitambaa cheupe, hukipeleka makaburini Mwanakwerekwe. Skuli aliiacha kidato cha pili, kachoka kukaa. Kazi hii haina kukaa. Haina shukrani pia. Nani anataka kumjua aliyezika mguu wa baba yake?

Na sifa yake ni moja: hachelewi. Cha kuzikwa kizikwe upesi, ndivyo alivyolelewa. Leo walipomkabidhi tu kaosha, kafunga, kampakia mzee kwenye Vespa. Laiti angelikuwa mvivu kidogo.

"Hatufukii," akamwambia mzee.

"Unasemaje wewe?"

"Daktari anataka kipande cha kutafutia dawa. Bi Mwatima kakubali, katia sahihi."

"Mbona mimi hakunambia?"

"Angekwambia ungesema nini?"

Wote wawili walijua angesema nini.

"Mwanamke huyu hata kucha zake hatupi ovyo," mzee akasema mwishowe, kalikumbatia furushi kwa mikono miwili. "Leo nimpeleke akakatwekatwe tena? Na dawa kashapewa. Mara ya kwanza uvimbe ukaondoka wote, tukasema kapona. Ukarudi. Hiyo nyengine itafanya nini?"

Mcha maneno ya kubembeleza hakuwa nayo. Akayagusa majani kwa ncha ya jembe.

"Unaziona ndago hizi? Mwezi uliopita nlizifyeka hapa pakawa peupe. Lakini chini zina kokwa. Jembe likipita juu, kokwa limelala, halina habari. Ukigeuza mgongo, linachipua. Na uvimbe una seli za namna hiyo, chache tu, kanambia Daktari Badriya. Dawa inaziua zile nyengine, hizi inazipita. Yeye anatafuta dawa ya kuliua kokwa. Sasa ataijaribu wapi, kama kokwa lenyewe tunamzikia?"

Mzee akainama akazichungulia ndago.

"Mama yangu yuko pale, safu ya pili," Mcha akasema. "Na yeye uvimbe uliondoka wote. Tukapika biriani, tukaita mtaa mzima. Miezi saba, ami. Miezi saba tu."

Jua liliwachoma. Mzee akalitazama kaburi la safu ya pili, akalitazama lile shimo dogo, akainuka kwa tabu.

"Na kitakachobaki?"

"Leo leo tunarudi, unazika kwa mkono wako. Shimo nshachimba."

Mcha akanyoosha mkono apokee furushi, mzee akalivuta kwake. "Ntambeba mwenyewe."

Akapanda nyuma ya Vespa, kanzu kaikunja mpaka magotini.

"Taratibu, mwanangu, ntaanguka!"

"Nikenda taratibu zitakufa."

"Basi kimbiza! Unangoja nini?"

Akaikimbiza. Nyuma yake alisikia mzee anasoma, hakujua kama ni dua ya safari au ya maiti.

Maabara ya Daktari Badriya ni chumba kimoja tu, mtaa wa Vuga, juu ya ngazi zilizolika. Mwenyewe alikuwa kashavaa glovu. Akalifungua furushi kwa adabu, kama anafunua mtoto aliyelala. "Juu pameshachafuka. Ntachukua katikati." Akakata kipande kama punje ya kunde, akakitia kwenye maji ya rangi ya waridi.

"Zitaishi?" mzee akauliza.

"Sijui, baba. Siwezi kukudanganya."

Alasiri walirudi Mwanakwerekwe. Mzee Khelef akazika mwenyewe.

Tangu siku ile Mcha kila asubuhi alipitia maabara, akasimama mlangoni. "Vipi?" "Bado." Siku ya sita seli nyingi zilikufa, akazishuka ngazi moja moja. Siku ya tisa Daktari Badriya alimwona tu, akacheka peke yake, na Mcha akazishuka zile ngazi mbili mbili.

Mwezi ulipopita Bi Mwatima akaja, kashikwa mkono na mumewe, na bakuli la mikate ya kumimina. Ugonjwa ulishaingia mifupani. Aliambiwa, naye aliuliza jambo moja tu, kama anaweza kuendelea kupika.

"Humu hakuliwi, Bi Mwatima," Daktari Badriya akasema.

"Tokeni, mkale ukumbini. Mmekonda, nyote." Wakatoka, wakala, wakalamba vidole. Kisha akasema, "Haya, nionesheni hao wapangaji wangu."

Wakamkalisha mbele ya darubini. Akatazama kwa muda mrefu.

"Tulizimwagia dawa ile ile uliyopewa wewe," Daktari Badriya akamweleza. "Hizi ndizo zilizobaki. Leo tunaanza kuzijaribia dawa mpya, moja moja."

"Ntaiwahi mimi?"

"Sidhani, Bi Mwatima. Ni kazi ya miaka."

"Haidhuru." Jicho lilikuwa bado kwenye kioo. "Titi limenyonyesha watoto sita, kumbe bado lina kazi. Alhamdulillahi."

Mzee Khelef akajitia anatazama dirishani.

Bi Mwatima akageuka, akamwona Mcha, kafika sasa hivi kizingitini, viatu mkononi. "Wewe ndiye uliyemgeuza huyu mume wangu?"

"Naam, bi."

"Miaka arubaini na moja nimeshindwa mie! Ulimpa nini?"

Wakacheka wote, hata mzee. Halafu Bi Mwatima akasema, taratibu, "Ahsante, mwanangu. Ahsante sana."

Mcha hakujua mtu akishukuriwa hufanya nini. "Simu ya kwanza sikupokea," akasema.

"Ushaziona?"

"Mimi? Mimi mzikaji tu, bi."

"Njoo." Akainuka kwenye kiti, kaushika ukingo wa meza, akampisha.

Mcha akenda kwenye bomba akaosha mikono. Akatia sabuni tena, akaosha mara ya pili, mpaka kwenye viwiko. Akakaa. Kwanza hakuona kitu ila kope zake mwenyewe. Akashusha kichwa zaidi, akashusha na pumzi aliyokuwa kaizuia, na kioo chote kikaingia ukungu.

Hakuufuta. Alikaa vivyo hivyo, jicho wazi, akiungoja uondoke.