Hodi ya Seremala

Kitendawili! Semeni tega. Ninao ufunguo, si wa chuma wala si wa mti. Anaushika aliye ndani, na aliye nje hata ajinyonganyonge vipi haugusi. Mmeshindwa? Haya, nipeni mji, tena uwe mji wenye maji. Nimeshakaa. Ufunguo wenyewe ni neno "karibu".

Sasa basi, katika nyumba ya mshonaji mmoja neno hilo lilikuwa limepigwa marufuku. Wateja walipimwa dirishani. Mtu anasimama nje, anainua mikono, naye mshonaji anatoka nusu mwili na utepe wake, anapima kifua, anapima kiuno, anasema, "Geuka."

"Fundi, siku hizi unatupima kama unatukatia tiketi," mama mmoja aliyetaka gauni akamwambia.

Mshonaji akacheka na pini zake mdomoni. Hakuwa na haja ya kueleza. Mtaa mzima ulijua.

Chumba cha ndani alilala mama yake. Uvimbe ulimwota kooni, ukaanza kula sauti, sauti ilipokwisha ukamgeukia mwenyewe. Alikuwa mpishi wa shule, na zamani akiita watoto wa ng'ambo ya uwanja waje kula, hata walioshiba walikuja. Siku hizi maji aliyapata kwa kijiko, na kila akimeza, vidole vya miguu vilijikunja.

Na kila jioni, jua likishagusa paa la jirani, baba yake mshonaji alikuja kumchukua.

Baba alikuwa marehemu wa siku nyingi. Alikuja na ovaroli yake ya kazi, penseli sikioni, vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikuwa seremala, mlango ule aliutengeneza mwenyewe, na kuung'oa kungemchukua bisibisi moja tu. Lakini alikuwa mtu wa adabu zake. Alibisha, akaita, "Hodi, mama watoto." Akangoja. Akaita tena. Mara ya tatu asipoitikiwa aliikagua bawaba, akasema, "Hii inataka mafuta," akaenda zake. Kesho yake akarudi. Mshonaji alimwekea kigoda pale nje, maana magoti yake hayakuwa mazuri hata alipokuwa hai.

Mama alimwitikia kila siku. Akisikia hodi tu aligeuza uso kuelekea mlangoni, midomo ikafunguka, ikabana, ikachongoka: ka-ri-bu. Sauti haikutoka. Naye baba alikuwa mzito wa masikio tangu enzi za msumeno wa umeme, na kufa hakukumponya.

Aliyelipiga neno marufuku ni kaka mkubwa, fundi wa majokofu. Kazi yake ilikuwa kuzuia vitu visiharibike, na aliiweza hasa. Aliposikia kwamba mzee ameanza kuja, alihamia pale na begi lake la spana.

"Asiseme mtu karibu humu ndani," akatangaza. "Wala pita, wala ingia. Hata kwa muuza maji. Mzee akilidaka neno la mwingine, basi tena."

"Lakini mama mwenyewe anamkaribisha, kaka. Mtazame mdomo."

"Mdomo! Unajuaje anasema karibu? Huenda anasema kaa. Huenda anasema karanga."

"Karanga, kwa koo lile?"

"Nasema tu, maneno ni mengi."

Mshonaji aliutazama mdomo ule. Ndio uliomfundisha kusema, silabi moja moja, mpaka akaweza.

"Mimi nimwazime sauti tu," akasema. "Alisemalo yeye, nimsemee."

"Ukimsemea umemuua." Kaka alikuwa akipanga spana zake kwa ukubwa, hakuinua macho. "Na usiniite kaka tena maisha yako yote. Mama ni mvumilivu. Atavumilia."

Mshonaji hakuwa na ndugu mwingine. Akarudi kwenye cherehani yake. Mama naye alikuwa akiwasikiliza. Hilo la kuvumilia aliambiwa na kila aliyekuja kumtazama, na alipokuwa na sauti alikuwa akiwajibu ndiyo.

Nesi alikuja kila mchana kumchoma sindano ya kutuliza maumivu. Kwa kuwa hakuweza kukaribishwa, mshonaji alifungua mlango kimya, akamvuta ndani kwa mkono. "Mimi si mbuzi," nesi alisema mwanzoni. Baadaye alizoea, akifika ananyoosha mkono mwenyewe.

Siku moja kliniki ilifurika wagonjwa, nesi akachelewa. Alipofika, jua lilikuwa juu ya paa la jirani na seremala ameshaketi kwenye kigoda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umemfuata mama watoto?"

"Namchoma sindano."

Ilibidi aseme tena kwa sauti.

"Aa. Inamsaidia?"

"Inamsaidia mpaka kesho yake. Haimponyi."

"Ahsante sana. Tangulia wewe, una kazi."

Nesi akabisha. Ndani, kaka akawahi kushika komeo.

"Usifungue! Mzee hasikii vizuri. Akiona mlango umefunguka atajua ameitikiwa."

"Kaka, sindano hiyo!"

"Aje dirishani."

Nesi alilitazama dirisha, akajitazama. "Kwa mwili huu?"

Seremala akasema yeye anaweza kusogea, haina neno. Akainuka na magoti yake, akaenda kusimama kule barabarani. Kaka alimchungulia kwenye ufa, asimwamini. Mshonaji alimvuta mkono. Mkono ule umezoea kufungua nati zenye kutu, haukutikisika. Nesi akangoja, kisha akairudisha sindano mkobani.

"Nitakuja kesho asubuhi," akasema. "Mungu awasaidie."

Mpaka kunakucha mama aliuma shuka. Hakupiga kelele kwa kuwa hakuwa nazo. Asubuhi nesi alikuja akamchoma, mama akalala, na mshonaji akaketi kwenye cherehani kulitia shuka viraka. Lilikuwa na matundu mengi, yote ya meno.

"Kaka," akasema bila kusimamisha mguu, "mama tunamweka kwa ajili ya nani?"

Kaka akauliza kama kuna chai.

Kulipopoa mchana kaka alikwenda kukaa na mama. Alimnywesha maji yeye mwenyewe, mara ya kwanza tangu ahamie, akaviona vidole vya miguu vikijikunja. Akaweka kijiko chini.

"Baba alipokufa sikuwepo, mama," akasema. "Nilifika nikakuta mmeshamzika. Mtu hata kumshika mkono sikumshika."

Mama akampapasa kichwa. Yeye akakiinamisha zaidi, kama mtoto anayenyolewa.

Jua likagusa paa. "Hodi, mama watoto."

Mama akageuka. Midomo ikafunguka, ikabana, ikachongoka, na safari hii kaka alikuwa karibu mno kuona kingine.

"Anasema karibu," akasema.

"Ndiyo," akajibu mshonaji aliyekuwa amesimama mlangoni pa chumba.

"Si karanga."

"Si karanga."

"Hodi," akaita baba.

Neno lilimjaa mshonaji mdomoni. Akamtazama kaka yake, nywele bado zimevurugwa na mkono wa mama. Akalimeza, na yeye alikuwa na koo zima.

"Hodi, mama watoto."

Hakuna aliyeitikia. Wakasikia kigoda kikisogezwa ukutani, bawaba ikijaribiwa kwa kidole, kisha nyayo zikienda. Mama alibaki ameuelekeza uso mlangoni, midomo bado imechongoka.

Ndipo kaka akamjibu mdogo wake.

"Kwa ajili yangu," akasema. "Tunamweka kwa ajili yangu mimi."