Vidoti vya Mzee Nyuzi

Barua ilifika Jumatatu, na kufikia Jumatano nilikuwa nimeisoma mara nyingi hadi karatasi ikalegea kwenye mikunjo. Ilitoka makao makuu ya idara ya hali ya hewa, imepigwa chapa vizuri, na kwa adabu ya kiofisi ilisema kwamba mimi ni mvivu au ni mwongo. Maneno hayo haikuyatumia. Ilisema kwamba tangu nilipopokea kituo, miaka minne iliyopita, joto la chini la usiku limeruka kwa zaidi ya nyuzi moja ukilinganisha na kumbukumbu za mtangulizi wangu, na kwamba mkaguzi angekuja Alhamisi. Akiona kosa ni la msomaji, vipimo vyangu vyote vya miaka minne vitafutwa, nami nitaondolewa kazini.

Mtangulizi wangu ni baba yangu mzazi. Wakati naisoma barua alikuwa chumba cha pili, kwenye kiti chake cha plastiki, akisikiliza redio kwa sauti ya chini na kujipepea kifuani kwa kipande cha boksi.

Kazi yenyewe ni ndogo na haina makuu. Nyuma ya ofisi yetu ya chumba kimoja kuna uwanja wa majani uliozungushiwa waya. Katikati kimesimama kisanduku cheupe juu ya miguu minne, usawa wa kifua, chenye kuta za vibao vilivyoinamishwa ili upepo upite na jua lisiingie. Ndani kuna vipimajoto. Kimoja ni cha joto la chini, na ndani yake mna kijiti chembamba cheusi ambacho usiku ukipoa huvutwa kushuka, na asubuhi joto likipanda hubaki palepale kilipofikia. Saa tatu kamili nafungua mlango, nasoma kijiti kimekomea wapi, naandika kwa penseli kwenye kidaftari cha mfukoni, nainamisha kipimo ili kijiti kirudi mahali pake, nafunga. Kisha naingia ofisini kuhamishia namba kwa wino kwenye daftari kubwa. Hakuna Jumapili, hakuna sikukuu, hakuna kusema nina mafua.

Baba alifanya hivyo miaka thelathini na mmoja. Mtaa mzima unamwita Mzee Nyuzi, na sebuleni kwetu kinaning'inia cheti chenye fremu, alichopewa kwa kuwa na kumbukumbu tulivu kuliko kituo kingine chochote. Mimi nilikua nikikifuta vumbi kila Jumamosi, na nikakifuta mpaka nikaijua kazi.

Barua ilidokeza kwamba huenda sikirudishi kijiti. Hapo nilicheka peke yangu, kicheko cha mtu asiyelala vizuri. Kijiti kile kinajua kushuka tu. Asiyekirudisha atabaki na usiku wa baridi uliopita, hawezi kamwe kupata wa joto zaidi. Aliyeiandika barua ile hajawahi kufungua kisanduku maishani mwake.

Wala sikuhitaji barua kujua kwamba usiku umebadilika. Nikiwa mdogo tulikuwa tunagombania shuka na dada yangu, yule wa ukutani akivuta na wa pembeni akivuta. Sasa shuka liko kabatini. Nalala sakafuni juu ya simenti, nageuza ubavu kutafuta pa baridi, na asubuhi naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Halafu naenda kufungua kisanduku kinieleze nilichokwisha kukijua.

Watu wakisikia ongezeko la joto duniani wanalikazia macho jua, na jua la watu halina kosa. Mchana ardhi inameza joto, usiku inalitoa lirudi juu. Hewa siku zote imekuwa ikizuia sehemu ya joto hilo, na bila hivyo tungeganda. Ila moshi wa magari, wa viwanda na wa misitu iliyochomwa umeongeza hewa ukaa, ambayo mwanga wa jua inauacha ushuke, lakini joto linalopanda inalikamata na kurudisha sehemu yake chini. Ni kama mtu anakuongezea blanketi ukiwa umelala, na kesho tena, na wewe huna mkono wa kulitupa. Ndiyo maana usiku ndio unaosema ukweli. Vituo vyote vya jirani vilionyesha hivyo, kidogo kidogo, mwaka hata mwaka. Chetu peke yake, enzi za Baba, hakikusogea. Kikasogea ghafla mwezi ule ule nilioshika penseli mimi.

Nililaumu kila kitu. Nililaumu kipimo, nikalaumu ukuta wa jirani, mwisho nikalaumu macho yangu na kwenda kupimwa. Baba sikumlaumu. Haikunipitia hata akilini.

Jumatano jioni nilimsomea barua yote, maana mtoto wa jicho amemwachia jicho moja tu la kusomea, tena kwa kuinamisha kichwa. Alisikiliza, kisha akauliza asubuhi ile nilisoma ngapi. Nikamwambia. Alizima redio. Nilingoja aseme angalau kwamba mwanawe si mvivu, kwamba yeye ndiye aliyenifundisha na ananijua. Alisema mkaguzi atafutiwe kiti penye kivuli, na kwamba kesho naye atakuja.

Niliumia, sifichi. Nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nilijua kwa nini anataka kuja: mwisho wa barua walikuwa wameandika kwamba wangependa kumpiga picha kwa ajili ya jarida la idara. Nikasema moyoni, haya, mmoja apigwe picha na mwingine apigwe teke, siku moja, uwanja mmoja.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa rika langu, mwenye mwavuli mkononi na mkoba begani. Alimpa Baba shikamoo kwa kupiga goti kidogo, akamwita mzee wangu, akamwambia kwamba chuoni walisomeshwa namba zake. Akaongeza, huku akinitupia jicho, kwamba hata mikutanoni kituo chetu kinatajwa sana. Wanaosema joto linatiwa chumvi hukinyooshea kidole: tazameni pale, miaka thelathini na mmoja hapajasogea. Baba alishukuru kwa sauti ndogo. Alikuwa amevaa koti lake la kazi, na jasho lilimtoka mpaka kwenye kola.

Mkaguzi alifanya kazi yake bila papara. Alining'iniza kipimo chake kando ya changu, akavilinganisha, havikutofautiana. Alipima umbali kutoka ukutani, akaridhika. Akaomba madaftari makubwa, akaanza kuyafungua moja baada ya jingine, akasimama kwenye ukurasa na kuniuliza vile vidoti vya pembeni ni vya nini. Nikatazama. Vilikuwa vidoti vidogo vya wino, vinne hapa, saba pale, kando ya joto la usiku. Nilivijua tangu utotoni. Nilimwambia ni mazoea ya mzee, anapofikiri huwa anagonga gonga kalamu, na kwamba nyumbani tulikuwa tunamtania kuwa kalamu yake ina kikohozi. Mkaguzi akatabasamu. Baba hakucheka.

Saa tatu ilipokaribia, mkaguzi alimwomba Baba asome yeye, kwa ajili ya picha na kwa ajili ya heshima. Mimi nikasimama kando yake na penseli, kama mwanafunzi. Baba alifungua mlango wa kisanduku. Mkono mmoja akauweka mgongoni, asikipashe joto kipimo, akabana pumzi, akainamisha kichwa mpaka jicho lake zima likawa sawa na kijiti. Alikuwa mzuri kumtazama. Hata na hasira zangu zote, niliona hivyo.

"Ishirini na tatu nukta moja," alisema. Kisha, bila kugeuka, kwa sauti ile ile ya kazi: "Andika ishirini na moja nukta nane."

Penseli yangu ilikuwa imeshagusa karatasi. Mkaguzi alishusha simu aliyokuwa anapigia picha. Akasogea, akainama, akasoma mwenyewe, akasema ni ishirini na tatu nukta moja kweli.

"Mzee wangu, umesoma sawasawa," alisema. "Kwa nini tuandike nyingine?"

Ulimi ulikuwa umemteleza, niliona usoni pake. Na njia ya kutokea ilikuwepo, nami nilikwisha kufungua mdomo kumpa: nitasema ni uzee, ni jua, ni macho. Baba aliinua kiganja kuninyamazisha.

"Kwa sababu hiyo ya kwanza hawaipokei," alisema.

Tulimkalisha penye kivuli, kwenye kiti alichotaka atafutiwe mkaguzi, na akaeleza huku akitazama viatu vyake. Mwaka wake wa pili kazini ulitokea usiku wa joto, akauandika ulivyokuwa. Mkaguzi wa enzi hizo, marehemu sasa, akaja na karatasi ya wastani wa kila mwezi. Akaizungushia ile namba kwa wino mwekundu, akasema usiku wa namna hiyo haujawahi kuwepo hapa, kwamba msomaji alilala kitandani akabuni, na ukitokea wa pili afungashe virago. Mimi nilikuwa na wiki tatu tangu kuzaliwa. Ulipotokea wa pili, Baba aliupunguza ukaingia kwenye ile karatasi. Hakuna aliyelalamika. Wa tatu akaupunguza pia. Makao makuu wakatoa karatasi mpya ya wastani, iliyotokana na namba zake mwenyewe, naye akaendelea kuifuata. Wastani haukusogea kwa sababu yeye ndiye aliyeushika.

Mkaguzi alimuuliza alikuwa akipunguza kiasi gani. Baba akasema mwanzoni kidogo tu, tena usiku mmoja mmoja. "Baadaye ikabidi kila usiku. Na kila mwaka ikabidi nizidishe."

Akanyoosha mkono, akaomba daftari la mwisho alilojaza. Akaweka kidole pembeni. Kila kidoti, alisema, ni sehemu moja ya kumi ya nyuzi aliyoikata. Alishindwa kuandika namba ya kweli, na alishindwa pia kuitupa.

Mkaguzi alivihesabu kwa ncha ya kalamu, bila sauti. Usiku wa mwisho wa kazi ya Baba ulikuwa na vidoti kumi na viwili. Alifunga daftari. Kisha akasema kwa upole kwamba atalazimika kuandika yote, na kwamba cheti huenda kikatakiwa kurudishwa. Baba akajibu, "Andika, mwanangu." Kwangu mkaguzi akasema, bila kuniangalia sawasawa, kwamba vipimo vyangu vitabaki, nami nitabaki, na kwamba itabidi nianze kuvirudisha vidoti vile kwenye namba, usiku mmoja mmoja, kwa miaka ile yote. Picha haikupigwa. Aliondoka na mwavuli wake, na safari hii alimpa mzee mkono tu.

Nilikuwa nimeshinda, na sikuwa na hamu ya ushindi. Niliingia ofisini nikaketi mezani. Baba alinifuata akaketi kwenye benchi la wageni, mahali ambapo hajawahi kuketi. Nilifungua daftari la mwaka niliozaliwa. Kidoti kimoja. Hakuna. Hakuna. Viwili. Nikafungua la mwaka aliofariki mama: vitano, sita, vitano, hata usiku wa mazishi vipo, vimepangwa safi. Alikuwa ametoka matangani saa tatu kasoro asubuhi, tukidhani anataka kuwa peke yake.

Nililifunga daftari. Nilimuuliza miaka minne hii, nikilaumu kipimo, nikienda kupimwa macho kwa hofu, alikuwa ananisikiliza vipi.

Feni ya juu ilizunguka, ikisukuma joto kutoka kona moja hadi nyingine.

"Nilikuwa nangoja uchoke," alisema. "Uchoke na makao makuu, uanze kupunguza. Ningejua si mimi peke yangu."

Na uchovu ninao. Jumatatu ile ile ya barua, saa tatu asubuhi, nilisimama mbele ya kisanduku nikaona namba kubwa, na nikajisikia nikisema, nani atajua ukiandika ndogo. Nilisimama hivyo kwa muda. Hilo sijamwambia mtu.

Daftari la mwaka huu lilikuwa wazi mbele yangu, mstari wa leo haujajazwa. Baba aliinuka, akaja kusimama nyuma ya bega langu, kichwa amekiinamisha upande wa jicho zima. Nilimsikia akibana pumzi kama yuko kwenye kisanduku.

Niliandika ishirini na tatu nukta moja. Pembeni sikuweka kitu. Baba alitazama mpaka wino ukakauka, kisha akasema tumeacha mlango wa kisanduku wazi, akatoka taratibu kwenda kuufunga.