Sigara za Mzee Eliakimu

Mzee Eliakimu alipokwenda Moshi kutibiwa macho, alimwachia Jenoveva, mwangalizi wa nyumba yake pale Same, sanduku la mbao lenye sigara nene za kukunjwa kwa mkono. Ndani ya kifuniko kulikuwa na kipimo kidogo cha unyevu.

"Mshale usishuke chini ya sitini na tano," alimwagiza.

Septemba ile upepo wa tambarare ulikausha kila kitu. Jenoveva akapanda milimani, kijiji cha Bombo, kumzika shangazi yake, akakaa huko siku tano. Aliporudi, mshale ulikuwa kwenye hamsini na mbili na sigara moja ilikuwa imepasuka. Alitamani kuzinyunyizia maji palepale, lakini akapiga simu kwanza.

"Shikamoo, Mzee. Nilikwenda kumzika shangazi, nimerudi nimekuta sigara zimekauka."

"Marahaba. Usizimwagie maji, zitavimba zipasuke zote. Nunua maji yaliyosafishwa duka la dawa, lowesha sifongo, ikamue, iweke kwenye kona ya sanduku, ufunge. Usiwe na haraka."

Kila asubuhi alikagua sifongo. Siku nyingine mshale ulipanda kidogo, siku nyingine haukusogea. Ulifika sitini na sita baada ya wiki mbili.

Mzee aliporudi alizibonyeza sigara moja moja, akaitenga iliyopasuka.

"Hii nitaivuta mwenyewe. Nyingine ni za wageni." Kisha akauliza, "Na shangazi, mlimzika vizuri?"

Hapo Same hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza. Jenoveva akaketi kwenye ngazi, akaanza kumsimulia.