Pumba za Mbuzi wa Mtukufu

Asubuhi ambayo Somo Kidawa hakuamka, mbuzi wa Mtukufu Tele walipata pumba zao zote, na Hidaya, aliyekuwa mwanagenzi wa Somo kwa miaka minne, aliitazama ndoo iliyobaki tupu mlangoni akajua kwamba nchi nzima imepungukiwa.

Nchi yenyewe ni Shibania, yenye vinu saba juu ya vilima saba, vyote mali ya Mtukufu, ambako nafaka hukobolewa na kuchekechwa mara saba mpaka unga unafanana na chokaa, na wakubwa wamejiaminisha kwamba weupe huo ndio utawala bora. Watu walikula unga huo kwa sukari na mafuta. Pumba walitupiwa mbuzi wa ikulu, ambao manyoya yao yaling'aa na kwato zao zililia kama nyundo. Kila Siku ya Mizani mtoto alipandishwa sahani moja ya mizani ya shaba, gunia likawekwa sahani ya pili. Mtoto akilizidi gunia, ngoma ililia, na Mtukufu akasimama kupokea makofi.

Somo Kidawa alikuwa mfunda wanawali. Msichana aliyevunja ungo alipoletwa kwake, hakuanza kwa maneno. Alimvuta kope ya chini aone kama ndani kuna wekundu wa damu, akatazama kucha, akauliza kama kidonda cha mwezi jana kimepona. Alikuwa amegundua kwamba mwili unapovuka utoto hudai chuma kwa ajili ya damu, zinki kwa ajili ya ngozi na kimo, vitu vidogo visivyoonekana kwa jicho, na kwamba watoto wazito wa Shibania walivikosa kuliko wote. Hakumcheka mtoto hata mmoja.

“Mwili wako haujakosa adabu, mwanangu,” alimwambia Hidaya siku ya kwanza. “Umeomba hiki, ukapewa kile.”

Kisha alimpa uji wa pumba na mbegu za maboga, ingawa kulisha mtoto chakula cha mbuzi lilikuwa kosa la kumdhalilisha Mtukufu.

Mwaka jana Johari, binti wa Mtukufu, aliyazidi magunia mawili kwenye mizani. Ngoma ililia, na ilipokuwa bado inalia, Johari akaanguka. Somo akapiga magoti, akamvuta kope.

“Mwanao ana njaa, baba.”

Uwanja ukaangua kicheko.

“Njaa?” Mtukufu aliuliza. “Somo, macho yameingia ukungu? Huyu kashinda magunia mawili!”

“Magunia yamepima nyama. Damu hayakuipima.”

Siku hiyo hiyo akavuliwa kazi. Hakubishana, wala hakuacha. Kila alfajiri alikwenda na ndoo yake kuchota pumba kwenye hori la mbuzi, na kila Alhamisi watoto waliingia kwake kwa mlango wa uani. Mwezi wa tatu tangu avuliwe kazi, aliyeingia na ushungi umeshushwa hadi puani alikuwa Johari.

“Huu uji una ladha ya zizi,” alisema Johari.

“Kunywa, bibie. Mbuzi wa baba yako hawajalalamika.”

Sasa Somo hayupo, na Hidaya hakujua kama watoto watapata tena hata kibaba kimoja, maana baada ya maziko zizi lilitiwa kufuli.

Siku ya Mizani ilifika siku kumi baada ya maziko. Johari aliitwa. Alitembea wima, bila kuhema, akaipita sahani ya shaba, akapanda ngazi za kiti cha enzi. Mbele ya uwanja uliojaa akamshika baba yake shavu, taratibu, kama alivyoshikwa yeye, akamvuta kope ya chini.

Ndani ilikuwa nyeupe kama unga wake.

Hakuna aliyecheka. Mpiga ngoma alishusha fimbo. Mtukufu alibaki anazitazama kucha zake kama mtu aliyeletewa barua asiyojua kuisoma.

Kesho yake kufuli la zizi halikuwepo. Nani alilitoa, haijasemwa, na vinu bado vinasaga mara saba.

Kila Alhamisi Hidaya huchemsha ndoo mbili za uji, na mbuzi hula kinachobaki.